Mwenzake wa Saa Sita

"Wivu?" alisema Fundi Herufi, brashi hewani, mguu mmoja juu ya kopo la rangi. "Wivu ni maradhi ya watu wasio na kazi. Mimi mke wangu nimemkabidhi kwa Mungu na kwa madaktari, basi, nikarudi kwenye mabango yangu. Wiki ya kumi na moja hii yuko wodini, na sijamuuliza hata siku moja kaongea na nani. Imani yangu imenyooka. Leta rula, pima!"

Akajipiga kifuani kwa mkono uleule aliokuwa akichanganyia rangi, na vidole vinne vya bluu vikabaki kwenye shati.

"Rula ninayo," alijibu Kinyozi kutoka kibanda cha pili, "lakini ni ya shule, fupi. Imani yako itabidi tuazime tepu ya mafundi wa barabara."

Mteja aliyekuwa kitini, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, akacheka mpaka Kinyozi akamshika sikio atulie.

Vibanda vyao vilitenganishwa na ubao mwembamba, mmoja akipiga chafya mwingine anasema pole. Upande wa huku mashine ya kunyolea ilivuma kutwa. Upande wa kule Fundi Herufi aliandika mtaa: DUKA LA DAWA, TUNACHAJI SIMU, CHUMBA KINAPANGISHWA, na USIKOJOE HAPA, ambalo mwenyewe alisema ndilo linalonunuliwa kuliko yote na kutiiwa kidogo kuliko yote.

Mkewe waliyemwita Mwalimu, kwa sababu alifundisha watoto wa chekechea kuhesabu hadi ishirini, alikuwa ameteleza kwenye ngazi za shule akiwa na kasha la vitabu mikononi. Mfupa wa paja ukavunjika. Tangu siku hiyo alilala chali katika wodi ya mifupa ya wanawake, kitanda namba saba, mguu umening'inizwa kwa kamba na vyuma vya uzito. Na tangu siku hiyo mumewe hakukosa kwenda kumwona saa kumi jioni. Hilo ni la kweli, asidhulumiwe. Kila jioni alisugua mikono kwa mafuta ya taa, akavaa shati lisilo na madoa, akaenda, akakaa. Na kila asubuhi alikisimulia kibaraza kizima jinsi anavyouguza, ungedhani mguu uliovunjika ni wake.

Imani hiyo iliyonyooka, ukiipima kwa saa badala ya rula, ilidumu mpaka saa kumi na robo ya Jumatatu hiyohiyo.

*

Mlangoni mwa wodi kulikuwa na nesi mgeni, binti wa miwani, aliyeletwa wiki hiyo kutoka wodi ya watoto. Alikuwa na daftari na kalamu iliyofungwa kwa uzi ili isiibwe.

"Kitanda?"

"Namba saba."

"Wewe nani wa mgonjwa?"

"Mume."

Nesi akainua kichwa, akashusha miwani, akampima kuanzia viatu. "Mume?"

"Mume. Kwani kuna tatizo?"

"Hapana baba, hakuna. Ila..." Akafunua ukurasa wa nyuma, akafunua tena. "Mwenzake si ameshakuja mchana? Kamlisha, kamwombea, kaondoka saa saba kasoro. Leo mama kala vizuri kweli."

"Mwenzake?"

"Ndiyo. Mwenzake. Si yuko hapa kila siku saa sita?" Akamwashiria kwa kalamu, uzi ukakaza. "Pita basi baba, unazuia watu."

Nyuma yake walikuwa wanawake wawili na mzee mwenye mkongojo, na wote watatu walikuwa wamesikia. Mwanamke mmoja alitazama dari. Mwingine alimtazama Fundi kwa huruma aina ile ambayo mtu hupewa anapotembea na karatasi imebandikwa mgongoni. Fundi akapita, masikio yanawaka.

Mwalimu alikuwa ameegemezwa mito miwili. Uso ulikuwa umepungua, macho yamekuwa makubwa, lakini midomo ilikuwa na nguvu zake zilezile za kumaliza darasa la watoto arobaini.

"Umechelewa dakika tatu, Fundi. Simama pembeni ya darasa."

Siku nyingine angecheka. Leo alikaa. Juu ya kijikabati cha kitanda aliona vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa ganda la chungwa. Lilikuwa limemenywa mkanda mmoja, kuanzia kikonyo mpaka kitako, bila kukatika, kisha likazungushwa likakaa kama chungwa lenyewe lisilo na kitu ndani. Fundi alijua kumenya kwake mwenyewe, maana alikuwa mtu wa kung'ata na kutema. Mke wake naye hakuruhusiwa kisu.

Kitu cha pili kilikuwa karatasi iliyokandamizwa chini ya bilauri.

"Daktari kapita asubuhi," alisema Mwalimu. "Anasema mfupa umeunga vibaya, umepinda. Wanataka kuufungua tena Ijumaa, watie chuma. Wakifanya hivyo, baada ya wiki mbili nakuja nyumbani natembea. Wasipofanya, nitatembea na magongo mpaka kaburini. Karatasi ndiyo hiyo, natakiwa nitie sahihi kabla ya Ijumaa."

"Basi si utie!"

"Nimechoka kukatwa, Fundi."

"Lakini utarudi nyumbani!"

"Nyumbani hapakimbii."

Neno hilo likamwingia Fundi kama mwiba wa samaki, halishuki, halipandi. Mke wa mtu, wiki kumi na moja yuko mbali na kitanda chake, anaambiwa atarudi, anasema hapakimbii. Kuna nini huku? Kuna nani? Swali lilikuwa tayari ulimini, lenye herufi nne tu. Lakini atauliza vipi, yeye aliyewaambia watu asubuhi wapime imani yake kwa rula? Akajitia hamnazo, akalipitia kwa nyuma.

"Chungwa hili," alisema, "limemenywa na mtu mwenye mkono mtulivu."

"Ana mkono mtulivu sana," alisema Mwalimu, na macho yakamlainika.

"Watu wengine wana nafasi."

"Anayo. Anayo nyingi mno, masikini." Akageuza uso upande wa dirisha.

Fundi aliuona ule ulaini na ule uso uliogeuzwa, akavisoma jinsi mtu mwenye njaa anavyosoma bango la hoteli. Walikaa mpaka kengele ilipolia, wakaongea habari za bomba lililopasuka mtaani. Karatasi ilibaki chini ya bilauri.

*

"Kasema 'ana mkono mtulivu'," alisema Fundi kesho yake asubuhi.

"Nani ana mkono?" aliuliza Kinyozi.

"Si ndilo ninalokuuliza!"

"'Ana' ya kike au 'ana' ya kiume?"

"'Ana' tu! Kasema 'ana'!"

Kinyozi akazima mashine, akaiweka mezani kwa heshima, kama mtu anayekwenda kutoa wasia. "Hapo ndipo lugha yetu inapotuuza, ndugu yangu. Anakuja, anakaa, anacheka, anaondoka. Hakuna sketi, hakuna suruali. Mtu anaweza kuishi nyumbani kwako mwaka mzima ndani ya hiyo 'a' na usimjue."

"Na nesi kasema 'mwenzake'."

"Ehe. Mimi nikiwa na wageni, mke wangu namwitaje?"

"Mwenzangu."

"Na wewe?"

Fundi alichukua brashi akaanza kuichana nywele.

"Lakini tusikimbie," Kinyozi akaendelea, akiona rafiki yake amebadilika rangi. "Mwenzake anaweza kuwa mwalimu mwenzake. Mgonjwa mwenzake. Mtu wanayesali naye."

"Mgonjwa wa mifupa hatembei na chungwa kila siku saa sita kamili. Na walimu saa sita wako darasani."

"Basi mtu wa kusali."

"Hao ndio wabaya zaidi! Wanaanza kwa kufumba macho."

Kinyozi akamtazama kwenye kioo. "Fundi. Jana si wewe ulisema wivu ni maradhi?"

"Huu si wivu. Huu ni utafiti."

"Basi mtafiti, si umuulize shemeji? Neno moja tu. 'Nani?'"

"Nikimuuliza, atajua kwamba sikumwamini."

"Kwani unamwamini?"

Fundi alitia brashi zake tatu kwenye mfuko, akabeba kopo la bluu, akatoka bila kuaga. Kinyozi alimwona akikata kona ya kuelekea hospitali, saa mbili asubuhi, wakati ambao hakuna mgeni anayeruhusiwa. Akatikisa kichwa, akawasha mashine.

*

Muuguzi Mkuu alikuwa mama mnene aliyekuwa na funguo nyingi kiunoni, ukimsikia kabla hujamwona. Alikuwa amezoea watu wanaokuja ofisini kwake kulalamika juu ya shuka. Mtu aliyekuja kutoa kitu hakuwa amemwona tangu apewe funguo.

"Unataka kufanya nini?"

"Kuandika upya namba za vitanda, mama. Zile za ukutani. Zimechubuka. Nane inasomeka kama tatu, kumi na moja imebaki moja. Siku moja mtakuja kumchoma mtu sindano ya jirani yake."

"Kwa bei gani?"

"Bure."

Macho ya Muuguzi Mkuu yakawa membamba. "Bure ya nani? Rangi je?"

"Rangi yangu. Brashi zangu." Fundi aliona anashukiwa, na yeye siku hiyo hakuwa na uwezo wa kubeba shaka ya mtu mwingine juu ya ile yake. Akatafuta neno zito la kufungia mlango, likaja lenyewe. "Ni nadhiri, mama. Mke wangu yuko kitanda namba saba. Niliahidi kwa Mungu."

Alishangaa jinsi lilivyotoka bila kukwama. Muuguzi Mkuu akavua miwani, akaifuta kwa pindo la vazi lake, akaivaa tena.

"Miaka ishirini na sita niko hapa," alisema. "Wanaume huja wiki ya kwanza na matunda. Wiki ya tatu wanatuma dada zao. Na wewe unakuja wiki ya kumi na moja na rangi." Akanyanyuka, funguo zikalia. "Anza wakati wowote, baba. Ila usidondoshe tone sakafuni kwangu."

Kabla Fundi hajafungua kopo, habari ilikuwa imeshazunguka wodi nzima, kitanda hadi kitanda, na kumfikia Mwalimu. Alipokwenda kumsalimia alimkuta anamtazama kama mtoto aliyeleta jibu sahihi kwa mara ya kwanza.

"Ati nadhiri?"

"Aa," alisema Fundi, anatazama viatu. "Mambo ya mtu na Mungu wake."

Akaenda kuanza upande wa mbali kabisa, kitanda cha ishirini, ambako mtu akisimama juu ya stuli anaiona wodi nzima kama uwanja.

*

Kengele ya saa sita ililia. Wageni waliingia na vikapu, na katikati yao aliingia mwanaume.

Moyo wa Fundi ulimwenda mbio. Mwanaume! Mrefu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono inakata, vifungo vyote vimefungwa hadi kooni. Alipita kitanda baada ya kitanda, watu wakimwamkia, akaenda moja kwa moja akaketi kwenye kiti kilicho kati ya kitanda cha saba na cha nane. Hapo alipogeuka ndipo Fundi alipoona kwamba ni mzee, wa miaka sabini hivi, nywele pamba tupu.

Angeweza kupumua hapo. Badala yake alisema moyoni: wazee ndio hatari, hakuna anayewachunga.

Mzee alitoa chungwa na kisu kidogo. Akalizungusha polepole, ganda likashuka kama utepe. Akampa Mwalimu vipande, kimoja kimoja, akisubiri atafune. Akamwambia jambo, na Mwalimu akacheka.

Fundi juu ya stuli alisahau kushusha mkono. Kicheko hicho alikuwa hajakisikia wiki kumi na moja. Yeye alikuwa akienda kila jioni na habari za mtaa, mabomba na mabango, akipewa tabasamu la mgonjwa. Mzee huyu kapewa kicheko kizima kwa bei ya chungwa moja. Kisha mzee akaweka mkono juu ya chuma cha kitanda, si juu ya mgonjwa, akainamisha kichwa, midomo ikacheza kidogo, mara ikaacha. Hata kuomba kwake kulikuwa kufupi. Mtu wa kuomba kweli, aliwaza Fundi, huchukua muda.

"Mzee!" alimwambia Kinyozi jioni. "Ana pasi nyumbani. Mzee ana pasi!"

"Hiyo nayo ni kesi?"

"Anampigia nani pasi?"

Jumatano alisogea. Asubuhi aliandika namba za katikati, na ilipofika saa sita akawa amejiweka kitanda cha kumi, mgongo kwa watu, uso ukutani, sikio limekaa mkao wa kula. Safari hii alisikia maneno, ingawa si yote.

"Umeamua?" sauti ya mzee.

"Bado."

"Usifanye haraka. Mimi sitakusukuma. Mimi nilisukuma mara moja."

Halafu mtoto wa mgonjwa fulani akaangusha sufuria, na yaliyofuata yakapotea. Lakini yaliyosikika yalimtosha Fundi na kumzidi. Usifanye haraka! Daktari anasema Ijumaa, mume anasema nyumbani, mzee wa pasi anasema usifanye haraka. Mambo si yameshajieleza? Akisaini atapona, akipona ataondoka, akiondoka saa sita itabaki na nani? Alikisukuma chuma cha stuli kwa goti mpaka kikalia, na mgonjwa wa kitanda cha kumi akamwambia, "Taratibu baba, tumevunjika sisi, sio wewe."

Jioni hiyo, saa kumi, alikaa na mkewe kwa heshima ya mtu aliye msibani.

"Karatasi?" aliuliza.

"Iko palepale."

"Kesho ndiyo mwisho."

"Najua kuhesabu, Fundi. Ndiyo kazi yangu." Akamshika mkono, akavitazama vidole vyenye bluu kuzunguka kucha. Alitaka kusema kitu. Fundi, aliyekuwa na hakika kitu hicho ni kipi, akauvuta mkono wake na kusema anawahi kufunga kibanda.

*

Alhamisi alipanga atamaliza. Aliiacha namba nane kwa makusudi mpaka saa sita ifike, kisha akasimamisha stuli hapohapo, karibu na kichwa cha bibi aliyekuwa amelala kitandani humo na kukoroma kwa upole. Kutoka pale, akinyoosha mguu, angeweza kuugusa mgongo wa kiti cha mzee. Maneno alikuwa ameyaandaa usiku, akayapanga kama anavyopanga herufi kwenye ubao: Mzee, kwa heshima zote, wewe ni nani kwake? Mkewe akijua kwamba hakumwamini, na ajue. Afadhali ajue kuliko yeye kuendelea kuwa kichekesho cha wodi.

Mzee akaja, akaketi, akatoa chungwa. Fundi akageuka juu ya stuli. Akakohoa.

"Mzee," alisema.

"Naam, baba," alisema mzee, akainua macho. Yalikuwa macho yenye ukungu mwepesi, hayana haraka hata kidogo.

"Kwa heshima zote..."

"Mwenzake!" nesi wa miwani alipaza sauti kutoka mwisho wa wodi. "Mwenzake, ukimaliza hapo, mama wa kumi na mbili naye anaomba! Hajapata mtu leo."

"Nakuja, mwanangu," alijibu mzee.

Sentensi ya Fundi ilikuwa hewani imesimama mguu mmoja. Alimtazama mzee, akamtazama nesi, akamtazama mama wa kitanda cha kumi na mbili, aliyekuwa na umri wa kumzaa nesi mara tatu. Mwenzake wa namba saba, mwenzake wa namba kumi na mbili. Muuguzi Mkuu alikuwa anapita na funguo zake. Fundi akamwinamia.

"Mama, kwa nini wanamwita hivyo?"

"Mwenzake? Humjui? Kila aliyelala wodi hii anamjua." Akashusha sauti. "Mke wake alilala hapo ulipo, kitanda cha nane. Miezi saba. Kila siku mlangoni tukimuuliza, wewe nani wa mgonjwa? anasema, mimi mwenzake. Jina lake hata silikumbuki. Daftari zima limeandikwa Mwenzake, Mwenzake, Mwenzake. Basi yule mama wakampeleka kufanyiwa upasuaji, hakurudi. Sisi tukajua ndiyo mwisho, hatutamwona tena. Kesho yake saa sita kengele inalia, yuleyule, shati limepigwa pasi, na chungwa lake. Anasema, saa hii mimi sina pengine pa kwenda. Ndiyo anakaa na wale ambao watu wao hawapati nafasi mchana." Akapiga bega la Fundi. "Nyie wawili mtafute siku mkae, mna imani moja."

Fundi alishuka ngazi moja ya stuli bila kukusudia. Mimi nilisukuma mara moja. Sasa aliyasikia maneno hayo kama yalivyosemwa.

Mwalimu alikuwa anamtazama. Kamba ya mguu haikumruhusu kugeuka, ila alikuwa amekizungusha kichwa juu ya mto kadiri kilivyoweza.

"Mwenzake," alimwambia mzee, macho yakiwa kwa mumewe, "nimeamua. Natia sahihi."

Kisu cha mzee kilisimama katikati ya chungwa. "Umeona nini, mwanangu?"

"Si huyo hapo." Akaonyesha kwa kidevu. "Mimi na huyu tuna miaka kumi na nne. Imani yake siku zote iko mdomoni. Anaamini kwa sauti, mtaa mzima unasikia. Nimelala hapa nikawa najiuliza, nikikatwa tena nikabaki kilema, atakuwa anakuja kwa sababu ananitaka, au kwa sababu ameshawaambia watu kwamba anakuja? Nikasema bora nibaki hapa, nisijue. Basi siku tatu hizi ameacha kazi, mchana kweupe, anaandika kwa mikono yake na hamwambii mtu neno. Nikasema, kumbe." Akanyoosha mkono. "Nipe kalamu."

Nesi alikuja na kalamu yake yenye uzi, na uzi ukawa mfupi, ikabidi ufunguliwe kwanza. Mwalimu akatia sahihi kwa mwandiko wa duara wa chekechea.

"Ni kweli lakini, Fundi?" aliuliza, bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi. "Ni nadhiri kweli?"

Hapo palikuwa na nafasi, ndogo, ya mtu kusema jambo la kweli. Fundi aliiona. Akaiona ikifungwa.

"Tangu wiki ya kwanza," alisema. "Tangu usiku ule uliolazwa. Nilimwambia Mungu, mrudishe, nami nitaandika kila namba katika wodi hii."

Mzee akamaliza kumenya. Ganda, kwa mara ya kwanza, lilikuwa limekatika vipande viwili. Akaviweka mfukoni, akaenda kitanda cha kumi na mbili.

*

Ijumaa walikuja kumchukua saa sita kasoro dakika tano. Walifungua kamba, wakashusha vyuma vya uzito, wakamhamishia kwenye kitanda cha magurudumu. Alimshika Fundi mkono mpaka kwenye mlango wa wodi. Midomo ilikuwa mikavu, lakini hakutetemeka.

"Usikae korido unahesabu vigae," alimwambia. "Rudi umalize kazi uliyoahidi. Nikijua uko hapa unaandika, nitalala vizuri."

"Nitaandika."

"Sema kama unamwambia Mungu."

"Nitaandika, Mwalimu."

Magurudumu yakaondoka yakilia. Fundi akarudi ndani. Kitanda cha saba kilikuwa kitupu. Mzee alikuwa ameshafika, ameketi kwenye kiti chake, hana chungwa leo, mikono juu ya magoti. Alikuwa anatazama mlango waliotokea, na Fundi akaelewa kwamba mlango huo mzee alikuwa ameshautazama kabla.

Hakujua la kusema, kwa hiyo akasema yale anayoyajua.

"Usiwe na wasiwasi, mzee wangu. Mimi sina hata chembe. Kazi hii nimeifanya kwa moyo mmoja, na kila mstari nilikuwa namwombea. Mungu hawezi kuacha..."

"Baba," alisema mzee taratibu. "Brashi yako ilikuwa kavu."

Fundi akaitazama brashi mkononi.

"Asubuhi sijui, siko hapa. Labda asubuhi unaandika kweli, naona zile za kule zimependeza. Lakini saa sita, siku zote tatu, brashi yako ilikuwa kavu. Nimekaa miezi saba katika kiti hiki natazama ukuta huo. Najua ulivyo. Jana ulisimama hapo juu kabla hujaniita, mkono unapanda, unashuka, unapanda, unashuka. Uso ukutani, sikio kwangu." Akainyooshea kidole namba nane. Ilikuwa ileile ya zamani, imechubuka upande mmoja, inasomeka kama tatu. "Ulitaka kuniuliza mimi ni nani."

Bibi wa kitanda cha nane alikuwa ameacha kukoroma. Alifumbua jicho moja, akamtazama Fundi, akalifumba.

"Mwalimu amejua?" aliuliza Fundi.

"Pale alipokuwa amelala haoni ukuta wa kichwani. Alikuwa anaona mkono wako tu."

"Utamwambia?"

Mbali koridoni, mlango mzito ulifungwa, na wote wawili wakausikiliza mpaka mlio ulipokwisha.

"Mimi mwenzangu nilimwambia atie sahihi kwa sababu nilikuwa na hakika," alisema mzee. "Hakika yangu ilikuwa ya kweli kabisa, haikumsaidia. Yako ilikuwa ya uongo, na ameondoka hapa bila kutetemeka. Kwa hayo simwelewi Mungu, nimeacha kumuuliza." Akainuka, akakishika kiti kwa mgongo wake, akakisogeza pembeni ili kupata nafasi ya stuli. "Ila jambo moja nalijua. Wakimrudisha, mguu hautakuwa kambani tena. Atageuka. Na akigeuka, kitu cha kwanza atakachokiona ni hiyo nane."

Fundi alisimama palepale, kopo mkono huu, brashi mkono huu.

"Chovya, baba," alisema mzee.